Kuunda na Kuzeesha Vifaru Vidogo vya Plastiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hivi si vitu vya kuchezea watoto?

Dukani huwekwa rafu moja na midoli, ndiyo maana watu hudhani hivyo. Ukifungua boksi huoni kifaru. Unaona fremu za plastiki zenye vipande kadhaa au mamia, na karatasi ya maelekezo. Unakata, unasugua, unagundisha, unapaka rangi. Kisha inafuata kazi ambayo wengi wetu tunaipenda kuliko zote: kuzeesha, yaani kuifanya plastiki mpya ionekane chuma kilichopigwa jua, mvua, vumbi na buti za askari. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kabisa, mradi kuna mtu mzima wa kuangalia kisu na gundi.

Nichague skeli gani?

Kwa magari ya kijeshi, jibu la kawaida ni 1/35, yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko gari halisi. Namba hiyo ya ajabu ilikuja kwa bahati tu. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani Panther inayotembea kwa mota, na ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya mota na betri. Ilipouzwa vizuri, wakapima na kukuta wamefika karibu na 1/35. Wakaendelea nayo, na viwanda vingine vikafuata.

Kifaru cha Kisovieti T-55 chenye urefu wa takriban mita 9 pamoja na mzinga kinakuwa na sentimita 26 hivi katika 1/35, na askari wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimita 5. Katika 1/72 kifaru hichohicho ni sentimita 12 na nusu. Ukiishi chumba kimoja, 1/72 itakulinda na ugomvi wa rafu. Ila kwa kujifunza kuzeesha ningesema 1/35, kwa sababu kuna nafasi ya brashi kufanya kazi. Ipo pia 1/48, ya katikati, yenye vitu vizuri ingawa vichache.

Boksi la kwanza liwe lipi?

Chukua lenye vipande vichache na magurudumu machache. Watu wengi huanza na Tiger au Panther za Kijerumani kwa sababu ya sifa zake, kisha wanakutana na magurudumu yaliyopandana safu kwa safu, kila moja likitaka kusuguliwa na kupakwa ukingo wa mpira. Hapo ndipo maboksi mengi hurudi chini ya kitanda na kubaki huko. T-55 ina magurudumu matano tu kila upande. Sherman ya Kimarekani inayo sita, madogo. Jeep na magari mepesi ya deraya ni mepesi zaidi.

Kwa mwanzo, Tamiya bado hawana mpinzani: vipande vinaingiana bila kulazimishwa. MiniArt wa Ukraine wanatoa maboksi yenye injini, viti na hata nyaya za ndani, vipande vikiwa mamia kwa mamia. Ni kazi ya kustaajabisha. Ila ukishafunika tareti, ile kuba ya juu inayozunguka na mzinga, nusu ya ulichopaka hakuna atakayekiona tena, hata wewe.

Nahitaji zana gani?

Plaisi ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, msasa namba 400 na 800, na brashi mbili tatu nzuri. Kikata kucha kinaweza kuanza kazi ya plaisi. Kitu kimoja tu ukizingatie: kata mara mbili. Kwanza kata mbali kidogo na kipande, halafu ukikate kile kisiki kilichobaki. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki inavutika na kuacha doa jeupe au shimo.

Gundi gani?

Gundi nyepesi ya polistirini, ya maji maji, yenye brashi kwenye kifuniko. Hii si gundi kwa maana ya kunata. Ndani yake mna viyeyusho kama asetoni na butili asetati, vinavyoyeyusha nyuso mbili za plastiki mpaka zinakuwa kitu kimoja. Basi unganisha vipande kwanza vikiwa vikavu, gusa ungio kwa ncha ya brashi, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Usiweke kidole juu ya ufa huo, alama yake itabaki.

Supa glu ni ya chuma, yaani zile sahani nyembamba za shaba zinazokuja kwenye maboksi ya ghali, na ya rezini, plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu. Haina kazi kubwa nyingine hapa. Ukisugua rezini, isugue ikiwa imeloana na uvae barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Nipake rangi kabla ya kuunganisha au baada?

Baada, karibu vyote. Kifaru halisi kilipulizwa rangi kikiwa kizima, na chako kifanye hivyohivyo. Acha nje magurudumu, minyororo na vifaa vya mkononi kama sepetu na shoka.

Lazima ninunue ebrashi na kompresa?

Si lazima. Ebrashi ni kalamu ya kupulizia rangi, na kompresa ni mashine ya kuisukumia hewa; ila rangi ya kopo la kupuliza itakupa koti zuri la kwanza, na mengine yote ya kuzeesha hufanywa kwa brashi ya mkono. Ukipata ebrashi, punguza rangi hadi iwe nyepesi kama maziwa, na shinikizo la baa 1 hadi 1.5 linatosha. Kelele za kompresa usiku ni suala la kuzungumza na waliomo ndani ya nyumba.

Rangi ziko aina nyingi. Ipi inakwenda juu ya ipi?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na asiyelielewa atabaki akiharibu koti la chini kila anapopaka la juu.

Kanuni ni kwamba kiyeyusho cha tabaka la juu kisiyeyushe tabaka la chini. Rangi za akriliki zikishakauka hazijali spiriti nyeupe. Kwa hiyo rangi ya msingi huwa akriliki, na vyote vya kuzeeshea vinavyofuata huwa enameli au rangi ya mafuta ya wachoraji, vikipunguzwa kwa spiriti nyeupe. Ukikosea, unafuta kwa brashi yenye spiriti na msingi unabaki salama. Ukifanya kinyume chake, unachimba shimo hadi kwenye plastiki.

Katikati ya tabaka hizo weka vanishi. Vanishi ya kung'aa chini ya dekali, zile namba na alama za kubandika, ili zisiache ukungu wa hewa chini yake. Vanishi ya nusu mng'ao kabla ya kutia rangi ya mifereji, ile nyepesi inayokimbilia kwenye mistari na pembe. Vanishi isiyong'aa karibu na mwisho.

Akriliki nazo si ndugu wote. Za Tamiya hupunguzwa vizuri kwa alkoholi ya isopropili. Za Vallejo ni za maji, na ukizitia alkoholi zinaweza kuganda ndani ya kikombe. Na ile thina kali ya mafundi wa kupaka magari, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, iwe ya kusafishia ebrashi ya chuma tu. Ikimwagika kwenye plastiki inaila.

Ninaishi Pwani. Mbona vanishi yangu inageuka nyeupe?

Unyevu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja imejaa maji. Kiyeyusho kinapopaa haraka hupoza uso wa modeli, unyevu unatua juu yake, na vanishi inakauka na ukungu ndani. Puliza mchana, jua likiwa limekausha hewa, weka koti jembamba, na usipulize mvua ikiwa inanyesha au imetoka kunyesha. Ukungu ukishatokea, koti jepesi la vanishi ya kung'aa mara nyingi huurudisha.

Kuna faida moja ya joto letu: rangi ya mafuta, ambayo kule kwenye baridi wanaisubiri siku nyingi, huku inakauka mapema zaidi. Ifinyie kwanza kwenye kipande cha boksi la karatasi ili mafuta ya kitani yanywewe. Itakauka bila kung'aa.

Kuzeesha nianzie wapi?

Anza kwa kukaa na kufikiri. Kifaru hiki kiko wapi, msimu gani, kimeshafanya kazi kwa muda gani, na nani anapanda na kushuka? Modeli nyingi zinazoshindwa si kwa sababu ya mkono mbaya. Zimepata tope la Urusi, vumbi la jangwani na kutu ya miaka thelathini kwa wakati mmoja, kwa kuwa mwenyewe alinunua chupa zote na akaona aibu kutozitumia.

Mfano mzuri wa kifaru kisichohitaji tope ni hizi T-72. Mwezi Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Kiukraine, MV Faina, ikiwa na vifaru 33 vya aina hiyo, na Februari 2009 meli ikatia nanga Mombasa. Ukitaka kuunda kimoja kikishushwa bandarini, unahitaji vumbi jepesi la ghalani, labda mikwaruzo ya minyororo ya kufungia. Mchanga wa kwenye madigadi utautoa wapi, ndani ya tumbo la meli?

Sasa tuseme ni T-55 iliyo kazini. Soma gari lenyewe kwanza. Ekzosi yake iko kwenye madigadi ya kushoto, kwa hiyo masizi yako kushoto, yakielekea nyuma. Matangi ya nje ya dizeli yako madigadi ya kulia, kwa hiyo madoa ya mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza yako kulia, yakizunguka vifuniko. Wafanyakazi wanapandia mbele na kukanyaga karibu na milango ya tareti, hapo rangi imesagika. Pembe za nyuma za tareti hakuna anayezigusa, na hapo vumbi linatulia. Ukifuata mambo hayo manne tu, mtazamaji ataamini gari lako hata kama hajui sababu.

Mpangilio wangu wa kawaida ni huu. Baada ya rangi ya msingi, nafanya nyuso za juu ziwe na mwanga kidogo kuliko za chini, maana jua hupausha juu. Halafu rangi ya mifereji: enameli ya kahawia nzito iliyopunguzwa sana, inaguswa kwenye alama za kuchomelea, kuzunguka boliti na ndani ya mistari ya vifuniko, na inakimbia yenyewe. Dakika kumi au kumi na tano baadaye nafuta iliyozidi kwa brashi yenye unyevu wa spiriti, nikivuta kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyoshuka. Halafu nukta ndogondogo za rangi ya mafuta, nyeupe, njano, kahawia na kijani, zimetawanywa kwenye bamba moja la deraya na kuvutwa chini mpaka zinakaribia kupotea. Zinaacha tofauti ndogo ya rangi ambayo jicho linaiona bila kuitambua. Halafu mikwaruzo. Mwisho vumbi na tope.

Ile njia ya brashi kavu imepitwa na wakati?

Ilitawala miaka ya 1970 na 1980, na Mbelgiji François Verlinden alikuwa miongoni mwa walioisambaza: unachovya brashi, unaifuta karibu rangi yote, unapitisha kwenye kingo. Juu ya bodi nzima inaleta sura ya chaki. Kwa minyororo, vitasa na chuma cha bunduki bado inafaa sana, na anayekucheka mwache acheke.

Mikwaruzo nafanyaje isionekane kama ugonjwa wa ngozi?

Fanya hesabu. Katika 1/35, alama ya milimita 1 ni sentimita 3.5 kwenye gari halisi. Katika 1/72 ni zaidi ya sentimita 7. Ukiweka alama kama hizo mia mbili kwenye tareti, umeunda kifaru kilichopigwa nyundo na kijiji kizima.

Tumia kipande kidogo cha sponji, chovya kwenye kahawia nzito inayokaribia nyeusi, gonga kwanza kwenye karatasi mpaka isalie kidogo sana, kisha gusa kingo. Rangi hiyo ya kahawia ni bora kuliko fedha, kwa sababu chuma cha deraya kikiachwa wazi kinashika kutu nyembamba upesi. Kwa mikwaruzo mirefu tumia brashi ndefu nyembamba.

Kwa rangi inayobanduka kwa wingi, njia ni spreyi ya nywele, ya saluni ileile. Paka rangi ya kutu au ya msingi, ilinde kwa vanishi, puliza spreyi ya nywele makoti mawili mepesi, iache ikauke, kisha akriliki ya juu. Muda mfupi baadaye lowesha kwa maji na usugue kwa brashi ngumu: spreyi inayeyuka chini na rangi inabanduka vipande vipande. Hakuna njia bora kwa vifaru vya Kisovieti vilivyopakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya theluji, maana chokaa ile ilichakaa hivyohivyo.

Kutu je? Niweke kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotamani. Ekzosi hushika kutu, kwa kuwa joto linaunguza rangi. Minyororo hushika. Vibebeo vya bati jembamba pia. Bamba la deraya lenye unene wa sentimita kumi halitobolewi na kutu katika muda wa vita, na vifaru vingi havikuishi muda mrefu kiasi hicho.

Angalia pia chuma chenyewe ni cha aina gani. M113 ya Kimarekani, gari la deraya la kubebea askari, ina bodi ya alumini. Alumini haitoi kutu nyekundu. Nimeona M113 nzuri sana, zilizopakwa kwa subira ya ajabu, zikiwa na michirizi ya kutu kutoka kila boliti ya bodi.

Na minyororo ya kifaru?

Kwanza ulegevu. T-55 na T-34 hazina magurudumu ya juu ya kubebea mnyororo, kwa hiyo sehemu ya juu inalala juu ya magurudumu makubwa na kubonyea kati yake. Ukiuacha umenyooka kama kamba ya kuanikia, kila anayejua ataona kabla ya kitu kingine chochote. Vipande vya kuunganisha kimoja kimoja hufanya hili vizuri. Mnyororo wa mpira laini unaweza kuushikiza chini kwa tone la supa glu.

Rangi yake ni kahawia ya udongo, si fedha. Fedha iwe pale tu ambapo chuma kinasuguana na ardhi ngumu au na meno ya gurudumu. Na kumbuka Sherman nyingi zilitumia mnyororo wenye vitalu vya mpira: mpira haung'ai, viungio vya pembeni ndivyo vinavyong'aa.

Vumbi na tope: poda za dukani au udongo wa nje?

Poda za dukani ni nzuri, ila bei yake kwetu inaumiza. Chaki za rangi za kuchorea, ukizisugua kwenye msasa, zinakupa poda nzuri vilevile. Changanya rangi mbili tatu. Udongo halisi unafaa kwa tope nzito, kwa sharti uusage, uuchekeche kwa kitambaa chepesi na uukaushe motoni kwanza ili usilete ukungu. Punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 3.5 kwa askari wa 1/35.

Weka poda kavu, kisha igusishe spiriti nyeupe ipenye na kushika. Usipulize vanishi juu ya vumbi lililokamilika, litafifia. Kwa tope, changanya poda na enameli na plasta kidogo, itupe kwa kugonga brashi kwenye kijiti ili iruke yenyewe. Tope la jana ni jepesi na limepauka. La leo ni jeusi na linang'aa kidogo. Weka ya jana kwanza.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana utajiri wake. Anaujua udongo mwekundu unaopenya kila ufa wa gari, na anaujua udongo mweusi unaonasa kwenye gurudumu mpaka linakwama. Lakini uweke mahali pake. Tunisia ya 1943 ilikuwa na vumbi lililopauka, na tambarare za Ukraine zina udongo mweusi maarufu. Kifaru chekundu cha vumbi mbele ya Kharkiv hakina maelezo.

Rangi sahihi ya kihistoria ni ipi?

Kwa Wajerumani, magari yalikuwa ya kijivu kilichokoza hadi Februari 1943, kisha njano iliyokoza ikawa msingi, juu yake wakipuliza kijani na kahawia nyekundu. Wasovieti walitumia kijani kiitwacho 4BO. Wamarekani walitumia kijani cha zeituni. Zaidi ya hapo usikoseshwe usingizi: rangi ileile iliyopunguzwa uwanjani kwa petroli na kupauka miezi sita haikufanana tena na kibao chochote cha kiwandani.

Jihadhari na magari ya makumbusho. Tiger 131, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa iko Bovington, Uingereza, ni hazina kwa umbo na vipimo. Ila imepakwa upya, kama nyingine nyingi. Nakili boliti zake, na kwa uchakavu tafuta picha za wakati wa vita.

Nataka kuunda kifaru cha Vita vya Kagera. Nianzie wapi?

Ni mradi mzuri, na boksi halitakuambia kitu. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-54 na T-55, pamoja na Sherman za zamani zilizotoka Israel. Tanzania ilikuwa na Type 59 ya Kichina, ambayo ni nakala ya T-54A, na ilitumia pia roketi za BM-21. Kwa Type 59, ukilikosa boksi lake, anza na T-54 na si T-55. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni kuba dogo la feni mbele kulia juu ya tareti: T-54 na Type 59 zinalo, T-55 haina. Zote zina nafasi kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Ukiona nafasi kubwa iko nyuma, hiyo ni T-62.

Kwa mazingira, fikiria mapigano ya Lukaya ya Machi 1979, kwenye barabara inayopita kando ya kinamasi kuelekea Kampala. Maana yake ni vumbi jekundu la barabarani juu, na tope jeusi la mafunjo chini, vyote kwenye gari moja na kwa sababu inayoeleweka. Namba za ubavuni weka zile tu ulizoziona kwenye picha. La sivyo, acha ubavu wazi, au ufunike kwa majani.

Je, hatuichezei vita?

Swali la haki, hasa katika eneo hili ambako wapo wazee waliosikia mizinga yenyewe. Mimi siweki maiti kwenye modeli zangu kama pambo, na mtu akiniuliza kifaru hiki kilifanya nini, namjibu kilichotokea. Kila mtu atapanga mpaka wake.

Nikishamaliza naihifadhije?

Kwenye kabati la kioo, mbali na jua la dirishani, kwa sababu jua hupausha rangi na joto hupinda mizinga myembamba. Vumbi la nyumbani ni la kijivu na lina nyuzi, halifanani hata kidogo na ulilolipaka kwa mkono. Liondoe kwa brashi laini ya vipodozi, na poda yako iache ilipo. Na anayesafisha sebule umwambie mapema, kwa upole, kwamba gari lile ni chafu kwa makusudi.